Mtambo Usiouliza Jina

Mwaka 1968 viwanda vya magari vya Marekani viliendeshwa na makabati yaliyosheheni swichi za rilei. Kila toleo jipya la gari lilipokuja, mafundi walifumua nyaya na kuziunga upya. Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates, Massachusetts, wakatafuta njia nyingine. Kidhibiti walichobuni, Modicon 084, kilibadilishwa kwa programu badala ya koleo. Namba hiyo ilitokana na kuwa mradi wao wa 84.

Mwaka 1979 Modicon ikatoa Modbus, lugha ya kuzungumza na vidhibiti hivyo. Ni lugha fupi ajabu. Ombi hutaja kifaa, kazi inayotakiwa na mahali data ilipo. Kazi namba 3 husoma kilichomo, namba 6 huandika kipya. Hakuna popote mtambo unapouliza anayeuamuru ni nani, wala wakati ule haikuwa uzembe: nyaya ziliishia ndani ya uzio, na aliyezifikia alikwisha kupita kwa mlinzi getini.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Schneider Electric, iliyokuwa imeirithi Modicon, ikaweka seva ndogo ya wavuti ndani ya moduli za mtandao za vidhibiti hivyo. Moduli huchomekwa kando ya kidhibiti na kupewa anwani yake. Fundi hufungua kivinjari cha kawaida akaona joto, presha, kina cha tangi na pampu iliyosimama. Kabla ya hapo, pampu ya mbali ikizima usiku wa manane, mara nyingi mtu aliamka, akawasha gari na kwenda. Aliyewahi kushika zamu kama hiyo anajua huo ulikuwa ukombozi wa kweli.

Tatizo ni kwamba Modbus nayo ilihamia kwenye mtandao mpana bila kufundishwa kuuliza. Mwaka 2009 John Matherly alizindua Shodan, injini inayotafuta vifaa badala ya kurasa, na mitambo iliyoachwa wazi ikaanza kuonekana kwa yeyote. Desemba 2011 mtafiti Rubén Santamarta akafichua akaunti za siri zilizokuwa zimepachikwa ndani ya moduli ya Schneider yenyewe. Mwenye kiwanda hakuwa amezifungua, na hata kuwepo kwake hakukujua.

Novemba 2023 ikawa zamu ya mamlaka ya maji ya Aliquippa, Pennsylvania. Kikundi ambacho Marekani inakihusisha na Iran kiliteka kidhibiti cha Unitronics, kampuni ya Israeli, kwenye kituo cha kuongeza presha, kikiacha ujumbe kwenye skrini kwamba vifaa vilivyotengenezwa Israeli ni halali yao. Wafanyakazi walikizima wakaendesha pampu kwa mkono. Vifaa hivyo vilitoka kiwandani na neno la siri moja: 1111.

Kwangu mimi, lawama ya kwanza ni ya muuzaji, si ya fundi wa mji mdogo anayehudumia mabomba, mita na kompyuta kwa pamoja. Lakini tahadhari ya serikali iliyofuata ilielekezwa kwa fundi huyo: badilisha 1111, na kiondoe kidhibiti kwenye intaneti ya wazi.