Malaria na lupus: swali lililotoka Ibadan



Homa isiyoisha, viungo kuuma, uchovu, nywele kukatika. Hapa kwetu mutu akisikia vile, wazo la kwanza ni malaria. Kumbe dalili hizo zinaweza pia kuwa za lupus, ugonjwa ambamo kinga ya mwili inageukia mwili wenyewe: inashambulia ngozi, viungo, damu, na mara nyingi figo. Kati ya wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake. Leo tuangalie namna magonjwa haya mawili yalivyokutana katika historia ya sayansi, juu historia hiyo inatugusa sisi.

Jina «lupus» ni neno la Kilatini, maana yake mbwa mwitu. Muda mrefu waganga waliuona kuwa ugonjwa wa ngozi tu. Mwaka 1948, kule Mayo Clinic huko Marekani, Malcolm Hargraves na wenzake waliona katika uboho wa wagonjwa seli zilizomeza kiini cha seli zingine. Mwaka 1957, maabara mbalimbali, moja yao ya Maxime Seligmann kule Paris, zilionyesha kama damu ya wagonjwa inatengeneza kingamwili zinazoshika ADN. Basi mwili unapiga vita na kitu chake chenyewe. Lakini kwa nini?

Sehemu moja ya jibu ilianza kutafutwa Afrika. Katika miaka ya 1960, Brian Greenwood, munganga kijana Mwingereza, alikuwa anafanya kazi Ibadan, Nigeria. Aliona kama katika lopitali kubwa ya pale, magonjwa ya namna hii yalikuwa machache sana, wakati malaria ilikuwa kila mahali. Mwaka 1968 aliandika katika jarida The Lancet: labda vimelea ndivyo vinatuliza kinga. Ili kujaribu wazo lake, yeye na wenzake walichukua panya wa ukoo wa New Zealand, wanaozaliwa na mwelekeo wa kupata ugonjwa unaofanana na lupus, wakawaambukiza malaria ya panya. Mwaka 1970 walitangaza matokeo katika jarida Nature: malaria ilizuia ule ugonjwa.

Tena kukabaki fumbo. Weusi wa Marekani na Uingereza, ambao mababu zao walitoka Afrika, wanaugua lupus kuliko wazungu wa nchi zile zile. Namna gani watoto waugue kitu ambacho nyumbani kinaonekana haba?

Jibu la kwanza liko katika jeni. Kuna jeni moja inaitwa FCGR2B, kazi yake ni kama freni ya kinga. Mwaka 2007, watafiti wa Cambridge walionyesha kama panya wasiokuwa na ile freni wanapambana na malaria vizuri zaidi. Mwaka 2010 wakaenda mbali: kuna aina ya jeni hiyo ambayo freni yake ni zaifu. Watoto wa Kenya walioirithi kwa baba na kwa mama walikuwa na kinga zaidi juu ya malaria kali. Lakini aina ile ile inaongeza hatari ya lupus. Na inapatikana zaidi Afrika na Asia kuliko Ulaya. Inaonekana malaria yenyewe ndiyo iliyoichagua: iliokoa watoto wengi, deni likabaki kwa wachache.

Jibu la pili ni swali: nani alihesabu? Ugonjwa unaotaka vipimo vya damu vya bei kali hauwezi kuandikwa katika rejista pahali vipimo haviko. Tangu hapo, waganga wa Dakar, Nairobi na Johannesburg wameandika juu ya wagonjwa wao wengi. Lupus iko Afrika.

Hata dawa inapitia njia hiyo hiyo. Mwaka 1951, Francis Page, kule London, aliandika namna mepakrini, dawa ya malaria, ilivyosaidia wagonjwa wa lupus. Leo hidroksiklorokini, ndugu ya ile klorokini tunayojua, ndiyo msingi wa matibabu. Haiponyeshe, lakini inatuliza kinga.

Wewe unayesoma medesini, ao uko stajere, kumbuka hii: utafiti mwingi wa jeni za lupus umefanywa kwa watu wa asili ya Ulaya na Asia. Sura ya Afrika, iliyofunguliwa Ibadan, bado iko na kurasa nyeupe. Na wakati utafiti unangojewa, dada mwenye homa ya kurudi-rudi, kipimo cha malaria hakionyeshe kitu, viungo vimevimba, usimuandikie tena dawa ya malaria mara ya tatu. Pima mkojo wake. Ukikuta protini, figo labda zimeanza kuguswa. Mtume mbele haraka, kabla hazijaharibika.