Sindano, Mrija na Chupa: Historia ya Kutibu Usaha wa Kifuani

Empiema ni usaha uliojikusanya kati ya pafu na ukuta wa kifua. Pafu limefunikwa na utando mwembamba, na mbavu kwa ndani zimetandikwa utando mwingine kama huo. Kati ya tando hizo mbili huwa na majimaji machache tu, vijiko viwili vitatu vya chai, yanayoziwezesha kuteleza mtu anapovuta pumzi. Nimonia ikiachwa bila tiba, au ikitibiwa nusunusu, majimaji hayo huongezeka. Mwanzoni huwa mepesi na safi. Bakteria wakishaingia, huwa mazito na kujigawa katika vifuko vyenye kuta za nyuzinyuzi. Wiki kadhaa zikipita, nyuzi hizo hugeuka ganda gumu linalolibana pafu lisiweze kutanuka. Hatua hizo tatu ndizo zinazoamua tiba: katika ya kwanza dawa na sindano huweza kutosha, katika ya pili mrija hauepukiki, na katika ya tatu mara nyingi hubaki kisu.

Katika Kiswahili cha kila siku ugonjwa huu hauna jina lake. Hufichwa ndani ya neno kichomi, linalotumika kwa maumivu yoyote ya ubavu yanayochoma mtu anapopumua au kukohoa. Kwa dalili neno hilo ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba linabeba pamoja nimonia ya kawaida, kifua kikuu na usaha uliokwisha kujaa, na mgonjwa wa usaha hupoteza siku nyingi akitibiwa kama mwenye kichomi cha kawaida.

Tiba ya empiema ni ya kale kuliko hospitali. Maandishi ya Kigiriki yanayohusishwa na Hippocrates wa kisiwa cha Kos, ya karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo, yanaeleza kazi yote. Mgonjwa alioshwa kwa maji ya moto na kukalishwa kitini, msaidizi mmoja akamshika mikono, na tabibu akamtikisa mabega huku akisikiliza ni upande gani unaotoa mlio. Njia nyingine ilikuwa kuchukua kitambaa laini, kukiloweka katika udongo wa mfinyanzi uliokorogwa na kukizungusha kifuani. Mahali palipokauka kwanza ndipo penye joto la usaha, na hapo ndipo palipokatwa, au kuchomwa kwa chuma cha moto. Usaha haukutolewa wote kwa mara moja, bali kidogo kidogo kila siku. Kidonda kiliwekewa kitambaa, ndani kukamiminwa mvinyo na mafuta ya uvuguvugu, na baadaye ukawekwa mrija wa bati ambao ulifupishwa kadiri shimo lilivyoziba. Mtu aliyetazama kwa makini kiasi hicho, bila darubini wala dawa ya ganzi, anastahili heshima ya kila tabibu aliyekuja baada yake.

Baada ya hapo ujuzi ulikaa karne nyingi bila kusonga mbele sana. Mwaka 1761 Leopold Auenbrugger, daktari wa Vienna aliyezaliwa katika nyumba ya wageni mjini Graz, alichapisha kitabu kidogo kuhusu kugonga kifua kwa vidole. Mapipa ya mvinyo hugongwa ili kujua yamejaa hadi wapi, na kifua nacho ni hivyohivyo: penye hewa hulia kama ngoma, penye majimaji hutoa sauti butu. Mwaka 1816 René Laennec, mjini Paris, alikunja karatasi kuwa bomba na kuiweka kifuani mwa mgonjwa. Hapo ndipo stethoskopu ilipozaliwa. Sasa usaha uliweza kugunduliwa, lakini kuutoa bado kulitisha. Guillaume Dupuytren, bingwa wa upasuaji wa Ufaransa, alipopatwa na ugonjwa huu mwaka 1835 inasimuliwa kwamba alikataa kupasuliwa, na akafa.

Hofu yake ilikuwa na msingi. Pafu hutanuka kwa sababu nafasi inayolizunguka huvuta. Kifua kikitobolewa hewa ya nje huingia, na pafu hunywea kama puto lililotoboka. Swali gumu la tiba hii lilikuwa hilo siku zote: usaha utoke vipi bila hewa kuingia? Henry Bowditch wa Boston alilijibu kwa sehemu mwaka 1850, alipoanza kutumia sindano nene na pampu ya kunyonya. Jibu kamili lilitoka kwa Gotthard Bülau wa Hamburg, aliyeanza kutumia njia yake mwaka 1875 na kuichapisha mwaka 1891.

Kifaa cha Bülau ni rahisi kiasi cha kushangaza. Mrija hutoka kifuani hadi kwenye chupa iliyo sakafuni, na ncha yake huzamishwa katika maji, kama sentimita mbili hivi. Mgonjwa anapokohoa, usaha na hewa husukumwa nje na mapovu hupanda. Anapovuta pumzi, maji hupanda kidogo ndani ya mrija, lakini hewa haipati njia ya kurudi. Maji yale hupanda na kushuka kwa mwendo wa pumzi. Yakiacha kucheza, ama mrija umeziba ama pafu limetanuka na kujaza nafasi yake. Muuguzi anayetazama chupa hiyo usiku anaweza kujua hali ya mgonjwa bila mashine yoyote. Sharti moja halivunjwi: chupa isiinuliwe juu ya usawa wa kifua, la sivyo maji yataingia ndani.

Pamoja na hayo, madaktari wengi waliendelea kukata ubavu na kuacha kifua wazi. Gharama yake ilionekana katika Vita Kuu ya Kwanza. Huku Afrika Mashariki, wapagazi waliobebeshwa mizigo ya majeshi, wale walioacha jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam, walikufa kwa makumi ya maelfu, na pamoja na kuhara damu nimonia ilikuwa muuaji wao mkubwa. Haikuwapo orodha ya kuonyesha ni wangapi kati yao walikuwa na usaha kifuani. Vifo vilivyohesabiwa kwa makini ni vya kambi za askari wa Marekani katika majira ya baridi ya 1917 na 1918. Surua ilizuka katika mabweni yaliyosongamana, nyuma yake ikaja nimonia ya bakteria aina ya streptokoki, kisha empiema. Wastani wa waliokufa kwa empiema ulikuwa kama 30 katika kila 100, na katika baadhi ya kambi zaidi ya nusu.

Tume iliundwa kuchunguza janga hilo, na daktari mpasuaji Evarts Graham pamoja na Richard Bell wakapata sababu. Usaha wa streptokoki ulikuwa mwepesi, na vijana wale walipasuliwa mapema mno, kabla tando hazijagandana. Hewa iliingia na mapafu yote mawili yakashindwa. Waliagiza usaha utolewe bila kuacha kifua wazi, uwazi uliobaki usafishwe ukazibe wenyewe, na mgonjwa alishwe vizuri. Vifo vilishuka hadi chini ya 5 katika kila 100. Wakati huo penisilini ilikuwa bado haijagunduliwa. Maelfu waliokoka kwa sababu tu ya mpangilio sahihi wa kazi na chakula cha kutosha, na agizo la chakula ndilo linalosahaulika upesi kuliko yote.

Penisilini ilitambuliwa na Alexander Fleming mwaka 1928 na kuanza kutibu watu mwanzoni mwa miaka ya 1940. Katika zahanati za Tanzania vizazi viliikumbuka kama sindano ya PPF. Ilipunguza empiema kwa kuua nimonia mapema, lakini haikuufuta mrija, kwani dawa hupenya kwa shida ndani ya usaha uliojifungia. Mwaka 1949 William Tillett na Sol Sherry walianza kuingiza kifuani dawa za kuyeyusha nyuzi zile, na utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa dawa mbili za namna hiyo zikichanganywa huwaepusha baadhi ya wagonjwa na kisu. Katika hospitali nyingi za wilaya bado ni ghali mno.

Afrika Mashariki ina sura yake katika historia hii, nayo ni kifua kikuu, kinachojaza majimaji kifuani na wakati mwingine usaha. Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa hao. Majaribio yaliyofanywa Afrika Mashariki na kuchapishwa kuanzia mwaka 1972 yaliionyesha dunia kwamba tiba yenye rifampisini inaweza kukamilika kwa miezi sita badala ya mwaka na nusu. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma kwa ushauri wa mtaalamu wa kifua kikuu Karel Styblo. Kila wilaya ilipata mratibu wake, dawa zilimezwa mbele ya mhudumu, na matokeo ya kila mgonjwa yaliandikwa kwenye rejista. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliueneza mfumo huo katika nchi nyingine.

Magonjwa ya kifua hufuata pia jinsi watu wanavyokaa. Mwaka mmoja baada ya mpango huo kuanza, 1978, makazi ya wakimbizi ya Mishamo yalifunguliwa katika msitu wa miombo wenye mbung'o, wilayani Mpanda, wakati huo ikiwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa. Waliopelekwa huko ni Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 nchini mwao: wengine walitolewa Kigoma, wengine Ulyankulu, ambako watu walikuwa wamezidi uwezo wa maji na ardhi. Eneo la kilomita za mraba 2,050 liligawanywa katika vijiji 16, na TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, lilisimamia barabara, visima, shule na huduma za afya hadi Serikali ilipoyapokea makazi hayo mwaka 1985.

Yaliyowaua askari wa kambi za Marekani, yaani msongamano na surua, ndiyo yanayomwandama kila mkimbizi, pamoja na njaa. Mpango wa Mishamo, pamoja na masharti yake makali ya kutotoka bila kibali, uliwapa watu mashamba na nafasi ya kutosha kati ya nyumba na nyumba. Kwa magonjwa ya kifua hilo si jambo dogo. Tiba ya kifua kikuu iliyotumika nchini enzi hiyo, ya miezi minane au zaidi, ilimtaka mgonjwa akae mahali pamoja, na familia inayohamishwa kila mara haiwezi kuikamilisha.

Huko Mishamo, kama kwingineko vijijini, kazi ya kugundua usaha huanzia zahanati, na vyombo vyake ni vya zamani. Mtoto akifunguliwa kitenge mgongoni mwa mama yake, mganga huhesabu pumzi kwa dakika nzima: kuanzia 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na kuanzia 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Kipimo hicho kinatokana na kazi ya Frank Shann huko Papua New Guinea katika miaka ya 1980. Homa isiyoshuka baada ya siku mbili tatu za dawa, upande mmoja wa kifua usiopanda na pumzi, na sauti butu ukigongwa, kama debe lililojaa mahindi, humaanisha majimaji. Picha ya kifua au ultrasaundi huthibitisha. Sindano ndiyo inayokata shauri. Huchomwa kwenye ukingo wa juu wa ubavu, kwa sababu mishipa hupita chini ya ukingo wa chini.

Kinachoingia kwenye bomba la sindano husomwa kwa macho kabla ya maabara. Majimaji maangavu yenye rangi ya majani makavu, kwa mtu aliyekonda na kukohoa kwa wiki kadhaa, huelekeza kwenye kifua kikuu, na hayo kwa kawaida hutibiwa kwa vidonge bila mrija. Usaha mzito kama mtindi unahitaji mrija siku hiyohiyo. Ukinuka vibaya, bakteria wasiohitaji hewa wamo, mara nyingi kutokana na meno mabovu au kupaliwa. Ukiwa na rangi ya kahawia kama chokoleti, huenda ni jipu la amiba lililopasuka kutoka kwenye ini. Usaha ukishaonekana, mgonjwa hupewa dozi ya kwanza ya dawa na kupelekwa hospitalini Mpanda, au mbali zaidi, Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, akihitaji upasuaji wa kubandua ganda.

Kinga nayo imesogea. Chanjo ya surua ilikuwamo tangu mpango wa chanjo wa taifa ulipoanza mwaka 1975, ile ya bakteria wa Hib iliingia mwaka 2009, na ya nimokoki mwanzoni mwa 2013, ikitolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mizizi ya hii ya mwisho iko Afrika pia: Almroth Wright alijaribu chanjo ya kwanza ya nimonia mwaka 1911 kwa wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini, waliokuwa wakifa kwa wingi katika mabweni yao.

Kwa aliyewekewa mrija, dawa huendelea kwa wiki kadhaa, na kitandani hupewa glavu au puto apulize mara nyingi kwa siku, ili pafu litanuke. Kinachotoka kikipungua na picha ikionyesha pafu limegusa mbavu, mrija huondolewa. Mgonjwa huambiwa avute pumzi ndani kabisa na kuishikilia. Mkono mmoja huvuta mrija kwa mkupuo, mwingine hukaza uzi uliokwisha kushonwa kuuzunguka, ili hewa isipate hata nukta ya kuingia.