Mvua Nyeusi ya Hiroshima na Reli ya Kamina

Mvua ikishika usiku hapa Katoto, kwenye reli ya Kamina nchini Kongo, mabati hupiga kelele mpaka watu wa nyumba moja hawasikilizani. Ikipungua ndipo honi ya treni inaposikika kutoka upande wa kituo. Kila nikiisikia hukumbuka mji wa Japani uitwao Hiroshima, kwa sababu jiwe lililouangamiza lilipita kwenye reli hii hii.

Reli yenyewe ililetwa na shaba. Kutoka kusini ilifika Bukama mwaka 1918. Kampuni ya BCK ikaiendeleza, ikaipitisha Kamina, na mwaka 1928 ikaifikisha Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, kwenye mto Kasai.

Wakati huo Shinkolobwe, karibu na Likasi, ulikuwa mgodi wa radiamu. Madini yake yaligunduliwa mwaka 1915, na kampuni ya Union Minière ikayachimba kwa ajili ya dawa ya saratani, kwani radiamu iliuzwa kwa bei kubwa kuliko dhahabu. Urani ilikuwa masalio tu, ikitumika kutia rangi vyombo vya udongo. Utajiri wa jiwe lile ulikuwa wa ajabu: mawe mengine ya Shinkolobwe yalikuwa na oksidi ya urani asilimia 65, ilhali mengi ya Marekani hayakufika hata asilimia 1.

Mkuu wa Union Minière, Edgar Sengier, alihofia Wajerumani wasiyapate madini hayo. Mwaka 1940 alisafirisha zaidi ya tani 1,200 za madini kupitia bandari ya Lobito hadi New York, zikawekwa kwenye ghala la Staten Island. Zilikaa humo karibu miaka miwili. Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, aliingia ofisini kwa Sengier kuulizia urani ya kutengenezea bomu, akaambiwa kwamba tayari iko New York.

Hiyo haikutosha. Mgodi ulikuwa umefungwa na kujaa maji, kwa hiyo wahandisi wa Marekani walisaidia kuyatoa, kazi ikaanza upya. Wachimbaji Wakongo walichagua mawe kwa mikono. Mizigo ikapanda treni, ikapita Bukama, ikapita Kamina, ikashushwa Ilebo na kupakiwa kwenye majahazi ya mto mpaka Léopoldville, kisha reli tena hadi Matadi, kisha bahari. Waliokuwa wakipakia hawakuambiwa wanapakia nini. Nawafikiria wazee wa reli wa enzi hizo: jiwe zito, jeusi, lililofungwa vizuri kuliko shaba, na mzungu anayesimamia kimya.

Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, bomu lenye kilo 64 za urani lililipuka juu ya Hiroshima. Sehemu kubwa ya urani hiyo ilitoka Shinkolobwe. Hadi mwisho wa mwaka ule inakadiriwa watu 140,000 walikuwa wamekufa. Dakika kadhaa baada ya mlipuko masizi, vumbi na mvuke vilivyopanda angani vilianza kurudi chini, nayo ikawa mvua: matone makubwa, meusi, yenye kunata, hasa upande wa kaskazini-magharibi. Watu walioungua walikuwa na kiu kali. Walifungua vinywa vyao wakainywa.

Wajapani huiita *kuroi ame*, mvua nyeusi. Kwa miaka mingi serikali ilichora mpaka kwenye ramani: aliyenyeshewa ndani yake alihesabiwa, aliyekuwa nje hakuhesabiwa. Mwezi Julai 2021 Mahakama Kuu ya Hiroshima iliamua kwamba walalamikaji 84 waliokuwa nje ya mpaka ule nao watambuliwe kuwa wahanga na wapate haki ya matibabu. Nafurahi kwa ajili yao. Lakini hukumu hiyo inaniuma pia: waliolishika jiwe lile kwa vidole mahakama gani iliwahi kuwauliza mvua yao ilinyesha wapi?

Hiroshima ya leo ukiitembea usiku kwenye mvua, utaona reli kila mahali, kwa sababu ni mji wa tramu. Siku tatu tu baada ya bomu tramu ya kwanza ilitembea tena kwenye kipande cha njia. Magari namba 651 na 652 yaliyoharibiwa siku ile yalitengenezwa na bado yanabeba abiria. Ukishuka karibu na jumba la magofu lililoachwa na bomu, ambalo mchoro wake ulitoka kwa Jan Letzel, Mcheki, na lilikamilika mwaka 1915, utaona taa zikiliangaza usiku, na mto Motoyasu ukipita kando yake. Kila jioni ya Agosti 6 watu huachia taa za karatasi zenye majina ya marehemu zielee kwenye maji hayo.

Mwaka 1915 ni mwaka ule ule jiwe lilipogunduliwa Shinkolobwe.