Chaplin mlangoni, Van Damme ubaoni

Jana nimepita banda la video hapa Songea, nje kuna ubao wa chaki: VAN DAMME SAA 2 USIKU. Jina la filamu hata halipo! Nikacheka, maana mchezo huu ni wa zamani. Miaka ya 1910, enzi za picha bubu, majumba ya sinema Marekani yalisimamisha mlangoni Charlie Chaplin wa karatasi ngumu, kimo cha mtu, na maandishi kwamba leo yupo. Kofia, masharubu, fimbo, basi. Hata asiyejua kusoma alielewa. (Kwetu nako sinema zilianza bubu hivyo hivyo: Jariwalla alifungua Royal kule Zanzibar mwaka 1921.) Sisi walimu watarajiwa tunaita hiyo zana ya kufundishia. Mwenye banda naye anaijua vizuri: nikalipa, nikaingia, kumbe siyo Van Damme!