Uhamishaji wa barua pepe za zamani

Uhamishaji wa barua pepe za zamani ni kazi ya kutoa barua zilizokusanywa katika programu moja ya barua pepe na kuziingiza katika nyingine, pamoja na folda, tarehe na viambatisho vyake. Mtu hukutana nayo anapobadili kompyuta, anapohama kazi au programu aliyoizoea inapokoma kutengenezwa. Barua yenyewe ni maandishi ambayo programu yoyote huweza kuyasoma. Kinachotofautiana ni chombo kinachoyatunza. Asiyekijua chombo hicho ndiye anayepoteza barua.

Umbo la barua

Umbo la barua pepe liliwekwa na kanuni ya RFC 822 ya mwaka 1982: hutangulia kichwa chenye mtumaji, mpokeaji, tarehe na mada, kisha mstari mtupu, kisha maneno ya barua. Mwaka 1992 kanuni za MIME ziliongeza namna ya kubeba picha na nyaraka ndani ya maandishi hayohayo. Kwa njia iitwayo base64, kila baiti 3 za kiambatisho huandikwa kwa herufi 4, hivyo kiambatisho huongezeka kwa takriban theluthi moja.

Miundo ya kuhifadhi

Muundo wa mbox ulitokana na mifumo ya Unix ya miaka ya 1970. Barua zote za folda hupangwa mfululizo ndani ya faili moja, na kila barua huanza kwa mstari wenye neno “From”, nafasi, anwani na tarehe. Ikitokea mwandishi naye ameanza mstari kwa neno hilo, programu nyingi huutanguliza kwa alama ya “>”. Bila alama hiyo, barua moja huweza kukatwa ikawa mbili. Programu ya barua pepe ya Thunderbird, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004, hutumia mbox.

Maildir, uliobuniwa na Daniel J. Bernstein kwa ajili ya programu ya qmail, huipa kila barua faili lake. Moja likiharibika, mengine husalimika.

PST ni muundo wa Outlook, programu ya Microsoft, unaoweka barua, kalenda na anwani katika hifadhidata moja. Hadi Outlook 2002, faili hilo halikutakiwa kuzidi gigabaiti 2; likizidi, liliweza kukataa kufunguka. Microsoft ilichapisha maelezo ya muundo huo mwaka 2010.

Mfano wa Eudora

Programu ya barua pepe ya Eudora iliandikwa na Steve Dorner mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Illinois, ikapewa jina la mwandishi Eudora Welty. Baadaye ilikuwa mali ya kampuni ya Qualcomm, ambayo mwaka 2006 ilitangaza kuacha kuiendeleza. Barua zake zilikaa katika muundo unaokaribiana na mbox, lakini kila kiambatisho kilitolewa ndani ya barua na kuwekwa kwenye folda ya pembeni. Ndani ya barua ulibaki mstari mmoja tu unaotaja njia ya faili hilo kwenye diski. Aliyenakili barua akaisahau folda ile alibaki na barua zinazoelekeza mahali pasipokuwapo.

Njia za kuhamisha

Njia ya kwanza ni kutoa barua kwa mbox au kwa EML, yaani faili la maandishi lenye barua moja, kisha kuziingiza katika programu mpya. Ya pili ni kupitia seva kwa IMAP, itifaki iliyoanzishwa na Mark Crispin mwaka 1986: folda za zamani huburutwa hadi kwenye akaunti ya seva, na programu mpya huzikuta humo. Njia hii haijali muundo wa faili, ila huhitaji nafasi ya kutosha kwenye seva na intaneti ya kutegemewa. Waliotumia POP3 wawe waangalifu zaidi, kwani kwa kawaida itifaki hiyo hushusha barua na kuzifuta kwenye seva. Nakala pekee huenda iko kwenye kompyuta inayokaribia kutupwa.

Kasoro na ukaguzi

Alama za “imesomwa” na “imejibiwa” huweza kupotea, na tarehe ya kuhamisha huweza kuonekana badala ya tarehe ya barua. Kiswahili cha herufi za Kilatini huvuka salama kwa kuwa hakina alama juu ya herufi. Panapoweza kuharibika ni kwenye ritifaa iliyopinda ya neno kama ng’ombe. Barua za Kiarabu zisizotaja usimbaji wake huweza kugeuka alama zisizosomeka.

Kwa hiyo barua huhesabiwa folda kwa folda kabla na baada ya kuhamisha. Ile ya zamani kuliko zote hufunguliwa, kisha moja yenye kiambatisho, kisha moja yenye herufi zisizo za Kilatini. Faili la zamani halifutwi hadi hesabu zilingane.

Hifadhi ya kudumu

Nakala ya kutunzwa miaka mingi iwe katika mbox au EML, miundo ya wazi isiyotegemea kampuni moja, na ikae katika diski mbili zilizo mahali tofauti. Mkataba uliopotea huenda ukaombwa upya kwa mwenzako. Barua ya mzazi aliyefariki haina wa kuiandika tena. Nakala hiyo ifunguliwe angalau mara moja kwa mwaka, wakati bado ipo programu ya kuisoma.