Mraibu Asiyeamini: Njia za Kupona na Wajibu wa Familia ya Kikristo

Uraibu wa pombe na dawa za kulevya haubagui kati ya mwenye imani na asiye na imani. Katika familia nyingi za Kikatoliki yumo kijana aliyebatizwa, akaiacha imani, kisha akazama katika ulevi. Wazazi humwambia kwamba asipotubu kwanza na kurudi kanisani, hatapona. Nia yao ni njema. Lakini sharti hilo laweza kumfungia mlango wa msaada wakati anapouhitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Chama cha Alcoholics Anonymous, kifupi AA, kilianzishwa mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, na Bill Wilson pamoja na daktari Bob Smith. Kuanzia mwaka 1939, Sista Ignatia Gavin aliwapokea walevi katika hospitali ya Kikatoliki ya Mtakatifu Thoma mjini humo, akishirikiana na daktari huyo. Mwaka huohuo kilitolewa kitabu chenye Hatua 12 za kupona. Wanachama wasioamini walikuwa wamepinga maneno ya awali. Hivyo hatua hizo zikamwachia kila mmoja amwelewe Mungu kadiri anavyoweza. Sharti la kujiunga ni moja tu: nia ya kuacha pombe.

Hata hivyo, nusu ya Hatua hizo humtaja Mungu au Nguvu ipitayo uwezo wa mwanadamu, na wako wanaoshindwa kuzikiri bila unafiki. Kwa ajili yao, mwaka 1975 kilianza mjini Chicago kikundi cha AA cha wasioamini. Mwaka 1985 James Christopher alianzisha SOS, mtandao wa vikundi visivyo vya kidini. SMART Recovery, iliyoanza mwaka 1994, hutumia mbinu za saikolojia: kuimarisha nia, kustahimili hamu, kutawala mawazo na hisia, na kujenga maisha yenye uwiano. Mikutano yake hufanyika pia kwa njia ya intaneti.

Tiba ya hospitali nayo haiulizi dini ya mtu. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini. Dawa hiyo, inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu, hutuliza maumivu ambayo vijana huyaita arosto na kumwezesha mgonjwa kurudi kazini na nyumbani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (n. 2291) inalaani vikali matumizi ya dawa za kulevya, lakini inayatenga yale ya tiba halisi. Kwa hiyo, mwamini asimwone anayetumia methadoni kwa agizo la daktari kama mtu anayeendelea na ulevi.

Aidha, anayekunywa pombe nyingi kila siku asishurutishwe kuacha ghafla bila daktari. Kutetemeka, degedege na kuchanganyikiwa kunakoweza kufuata huhatarisha uhai. Kumfungia chumbani ili aombewe pasipo matibabu si tendo la huruma.

Je, kumpeleka mtu kwenye kikundi kisichomtaja Mungu ni kuisaliti imani? La hasha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko Dignitatis Humanae, ulifundisha kwamba mtu asilazimishwe kuipokea imani kinyume cha hiari yake. Hati Gaudium et Spes (n. 19) inakiri kwamba waamini wenyewe wanaweza kuchangia kuzaliwa kwa ukanamungu, kwa malezi hafifu ya imani au kwa mwenendo wao. Sala inayotolewa kama malipo ya kitanda cha hospitali si sala ya moyo huru.

Familia, basi, imtafutie mgonjwa daktari na kikundi anachoweza kukiingia kwa dhamiri nyofu. Imsindikize, imwombee bila kumtangaza, wala isimpe fedha zitakazorudi kilabuni. Akianguka tena, asikatiwe tamaa. Kurudia ulevi hutokea kwa wengi walio njiani kupona. Na wazazi nao watafute ushauri, kwa maana mzigo huu huwaelemea. Msamaria Mwema hakumuuliza majeruhi imani yake kabla ya kumfunga jeraha. Alimfikisha kwanza mahali pa kutunzwa.