Muhogo, kiazi au karoti: Utajuaje muda wa kuvuna umefika?

Nyanya ikiiva unaiona. Lakini zao linalokua chini ya udongo halijionyeshi, ndiyo maana wengi wanaolima nyumbani, iwe kwenye viroba au kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, huvuna mapema mno au huchelewa hadi wadudu wanawatangulia.

Kuhesabu miezi kunasaidia, ila hakutoshi. Aina ya mbegu, mvua na baridi vinaweza kusogeza siku ya kuvuna. Angalia dalili hizi.

Muhogo

Aina za muda mfupi huwa tayari kwa miezi 6 hadi 9, nyingine husubiri mwaka mzima. Majani ya chini huwa ya njano na kudondoka, na udongo kuzunguka shina hupasuka.

Kama ni muhogo mtamu, fukua pembeni, kata mmoja uchemshe. Ukiiva laini, mambo tayari. Mingine ifukie. Muhogo mchungu usiujaribu hivyo: una sumu ya sayanaidi, na kukomaa hakuiondoi. Huo lazima uloekwe na kukaushwa vizuri kwanza.

Uzuri wa muhogo ni kwamba ardhi ndiyo ghala lake. Unaweza kukaa miezi kadhaa bila kuoza, ingawa ukizidi sana unajaa nyuzi. Ukishang'oa, ndani ya siku 2 au 3 unaanza kuweka michirizi ya bluu au nyeusi. Ng'oa wa kula leo na kesho tu.

Viazi vitamu

Hapa usifanye kama kwenye muhogo. Viazi hivi hukomaa kwa miezi 3 hadi 5, na ukiviacha ardhini hasa wakati wa kiangazi, fukusi hupenya kwenye nyufa za tuta na kuvitoboa. Kiazi kilichotobolewa huwa kichungu na kinanuka. Hapo imekula kwako.

Kata kimoja uangalie utomvu. Ukikauka ukiwa mweupe, kimekomaa. Ukigeuka mweusi, subiri kidogo. Wakati unasubiri, ziba nyufa zote kwa udongo.

Viazi mviringo

Subiri majani yawe ya njano na kuanza kukauka. Toa kimoja, kisugue kwa kidole gumba. Ganda likichubuka kirahisi, bado. Kata majani yote, kisha viache ardhini kama wiki 2 ili ganda likaze.

Ukivuna, vihifadhi gizani. Vikipigwa na mwanga vinageuka kijani na kutengeneza sumu iitwayo solanini, ambayo haiishi kwa kuchemsha.

Karoti na bitiruti

Karoti nyingi huwa tayari kwa miezi 3 hivi. Ondoa udongo kidogo juu uone shingo yake: ikiwa na upana wa sentimita 2 hadi 3, ng'oa. Ukichelewa, kiini kinakuwa kigumu, na mvua kubwa ikinyesha baada ya ukavu, karoti hupasuka.

Bitiruti ivune ikifika ukubwa wa ngumi ndogo, kwa kawaida wiki 8 hadi 10. Ikizidi hapo inaanza kuwa ngumu kama mti.

Siku ya kuvuna

Chagua siku ambayo udongo una unyevu kidogo, si tope wala mkavu kama saruji. Anza kuchimba mbali na shina. Vilivyokatwa na jembe vitangulie jikoni, maana jeraha ndiyo mlango wa kuoza. Vya kuhifadhi usivioshe, pangusa udongo tu.

Na kabla hujafukua shamba zima, fukua shina moja kwanza. Kosa la shina moja unalimudu, la bustani nzima ni hasara.